Jasho la Kifuniko

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajatia kitu kinywani katika nyumba ile ya wafinyanzi pale Tokoname, Japani, Eikichi ndiye aliyetangulizwa kunywa chai, ingawa hakuwepo. Fusae, mkewe, alikiweka kikombe chake chenye kifuniko juu ya sinia dogo lenye miguu, mahali pale pale alipokuwa akikaa kabla jeshi halijamchukua. Alimimina chai, akafunika. Kisha watu watatu wazima, Fusae, mama mkwe wake Masu, na shemeji yake Yasuji, walikaa na njaa zao wakikikodolea macho kikombe cha mtu aliye ng'ambo ya bahari, kama watu wanaongoja jipu litumbuke.

Kufunua ilikuwa kazi ya Masu. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye meno manne na ulimi wa kutosha watu wawili. Alikigeuza kifuniko, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha na kukichungulia kwa ndani. Kukiwa na matone, mwanawe yu hai huko aliko na chai imemfikia. Kikiwa kikavu, basi tena. Wanawake wa mtaa ule walifanya hivyo tangu zama za vita vya mikuki, na wote walijua mtu wa jirani ambaye kifuniko chake kilikauka siku ile ile aliyokufa. Wale ambao vifuniko vyao vilikosea hawakutangaza.

"Kinatoka jasho," Masu alisema kila siku. "Haya, kuleni."

Nao wakala viazi vitamu, maana mchele ulikuwa wa kusikia kwa watu. Chai ya Eikichi haikumwagwa. Masu aliivuta, akainywa yote mwenyewe mpaka machicha, akisema mwanawe hakulelewa kubakiza.

Kikombe hicho Eikichi alikifinyanga kwa mkono wake mwenyewe mwaka wa arobaini na tatu, mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Ukoo wao ulikuwa wa kutengeneza mabuli ya chai, yale mekundu yenye mkono ubavuni, tangu baba ya babu. Lakini vita vilipokolea, amri ilikuja kwamba tanuri lichome mitungi ya jeshi ya kutilia dawa kali, na buli likawa kitu cha anasa. Eikichi akakificha kikombe chake katikati ya mitungi ile kwenye moto wa mwisho. Kilikuwa chekundu kwa nje, na ndani kimepakwa ule uji mweupe unaogeuka kioo tanurini. Kifuniko alikisaga kwa mchanga laini juu ya kikombe chenyewe, akikizungusha siku nzima, mpaka vikaoana vizuri hata ukikishika kifuniko peke yake ukakinyanyua, kikombe kilitaka kufuata. Ndivyo wafanyavyo wafinyanzi wa kule: kila kifuniko na chombo chake, na ukikihamishia kwingine kitacheza kama jino bovu.

Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na kikombe chake, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Cha Masu kilikuwa kidogo, chenye ufa. Cha Yasuji kilikuwa na mistari ya buluu. Fusae alikuja na chake kutoka kwa baba yake, kimefungwa ndani ya kimono. Cha baba mkwe hakikuwepo tena. Kilivunjwa langoni siku ya maziko yake, jeneza lilipotoka, kama inavyopasa, ili marehemu ajue hapa hana tena cha kunywea na asigeuke nyuma. Halafu, ndani ya sanduku la mbao juu ya kabati, kulikuwa na vikombe vitano vya wageni, vyeupe, vyembamba, vya kununuliwa, kila kimoja na kifuniko chake na kisahani cha mti. Mwenyeji hunywa bila kisahani. Mgeni hupewa kisahani. Hata Mineko, binti ya Fusae aliyezaliwa miezi sita baada ya baba yake kuondoka, alilijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu.

Sasa, siri ya jasho la kifuniko, Fusae aliijua tangu kipupwe cha kwanza. Waliishiwa na ile chai ya mabua wanayokunywa watu wa kawaida, na jamaa mmoja akawaonea huruma akawapa gao moja la chai bora. Chai bora haitiwi maji yanayochemka; maji hupozwa kwanza, la sivyo inakuwa chungu. Fusae akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Masu alipofunua, kifuniko kilikuwa kikavu kama kisogo cha mzee mwenye upara.

Bibi yule hakula siku mbili. Alikaa ameuelekea ukuta, akimchambua Eikichi tangu alipoota jino. Siku ya tatu Fusae alichukua birika likiwa linarukaruka juu ya makaa, akaimwagia chai bora maji ya moto kama anachinja kuku. Chai iliharibika, kifuniko kikalowa chepechepe, na Masu akaomba viazi viwili. Tangu hapo Fusae alichemsha, akamimina, akafunika haraka. Kwa miaka minne alimweka mumewe hai kwa kuni.

Je, alimpenda? Walikaa pamoja miezi kumi na minne tu. Sauti yake ilikuwa imemtoka masikioni. Mikono aliikumbuka, udongo mwekundu kwenye kucha na kidole gumba kilichopinda, lakini uso ulikuja na kwenda.

Februari ya mwaka wa arobaini na saba, afisa mmoja alipanda njia ya mteremko, ile iliyojengewa kuta za mitungi iliyopinda tanurini, akiwa na sanduku jeupe lililoninginizwa shingoni kwa kitambaa. Fusae akatoa kikombe cha mgeni. Afisa akanywa, akainama, akasoma karatasi: Eikichi alifariki Manchuria mwezi Agosti, mwaka ambao vita vilikwisha. Akaliweka sanduku juu ya mkeka na kuliinamia nalo.

Masu alilinyanyua. Akalitikisa sikioni. Kitu kidogo kiligonga ndani.

"Mwanangu alikuwa na kilo sitini na mbili," alimwambia afisa. "Mmemfanya nini akaenea humu?"

Afisa aliinama tena, kwa vile hakuwa na jingine la kufanya. Walipolifungua walikuta kipande cha ubao chenye jina. Masu akasema ubao anao mwingi nyuma ya nyumba, akaliweka sanduku kwenye rafu ya chini pamoja na vyungu vya achari. Maziko hakutaka kuyasikia. Kesho yake asubuhi sinia lilitandikwa kama kawaida, Fusae akachemsha maji, na kifuniko kikatoka jasho kuliko siku zote, maana alimimina mengi kupita kiasi.

Mambo yalikaa hivyo mpaka Julai, alipokuja ami Tokuzo.

Tokuzo alikuwa mdogo wa marehemu baba mkwe na mkubwa wa ukoo, mtu mwenye tumbo katika mwaka ambao hakuna mwingine aliyekuwa nalo, na watu waliheshimu hilo bila kuuliza. Alikaa, akajipepea, akasifu joto, kisha akaeleza. Nyumba hii, alisema, ina mjane ambaye si mjane na kijana wa miaka ishirini na sita ambaye hana mke. Mabuli yameanza kutakiwa tena. Tanuri haliwezi kuendeshwa na mtu mwenye jicho moja na wanawake wawili. Yasuji aliinamisha kichwa. Jicho lake la kushoto lilichukuliwa na kigae kilichoruka kutoka motoni akiwa mtoto, ndiyo maana jeshi halikumtaka, na Masu alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo sadaka pekee tanuri lile lilipata kutoa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, Eikichi azikwe kwa jina, kikombe kivunjwe, na Fusae aolewe na Yasuji, kama walivyofanya nyumba tatu katika mtaa huo huo. Ya pili, kama Masu hataki kumzika mwanawe, basi Yasuji ataletewa binti wa Handa, ambaye baba yake ana udongo mzuri. Nyumba haina viazi vya wakwe wawili. Fusae atarudi kwa wazazi wake sikukuu ya wafu ikishapita.

"Na Mineko?" Fusae aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo mbele ya mzee huyo.

"Mineko ni mtoto wa nyumba hii," Tokuzo alisema kwa upole. "Wewe bado kijana, mwanangu. Utazaa wengine."

Wote wakamgeukia Masu. Bibi alikuwa akimenya kiazi kwa ukucha.

"Asubuhi ya leo kilitoka jasho," alisema. "Kikitoka jasho, simziki. Nyie wenye matumbo fanyeni mtakavyo."

Tokuzo akasema sawa, ataandika barua Handa. Kwenye ngazi alimwambia Yasuji, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba binti mwenyewe ana meno mazuri.

Sikukuu ya wafu ilikuwa wiki tano mbele. Fusae alifua, akapika, akakanda udongo, na alipomlaza Mineko alimshika mguu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Yasuji hakuwa adui. Alimwita Fusae kando ya ghala siku moja akamwambia, akitazama chini, "Shemeji, mimi Handa sina hamu nako. Lakini mama ndiye mama." Ndiyo ilikuwa posa yake yote.

Asubuhi iliyofuata, Fusae aliteremsha birika, akamimina maji kwenye bakuli. Akayahamisha bakuli la pili. Akayahamisha la tatu. Ndivyo anavyopoziwa maji mgeni wa heshima kubwa anayeletewa chai bora, na mama yake angemsifu kwa utulivu wa mkono. Kisha akayatia kwenye yale mabua yao ya kimaskini, akajaza kikombe cha Eikichi, akafunika.

Masu alifunua. Akakipeleka kifuniko dirishani. Akakigeuza, akakipangusa kwa kidole gumba, akakitazama kidole.

"Leo kachelewa kuamka," alisema. Akaivuta chai, akainywa. Hakusema, "Haya, kuleni"; Yasuji ndiye aliyegawa viazi.

Siku ya pili kikavu. Siku ya tatu kikavu. Fusae alizoea kusikia moyo wake ukigonga kama ule ubao ndani ya sanduku. Siku ya nne bibi alisema labda kule Manchuria hakuna maji. Siku ya sita alikipeleka dirishani mara mbili. Kila siku Fusae alijiambia kesho nitachemsha, na kila kesho alimwona Mineko amekaa na bakuli lake mapajani, miguu imekunjwa vizuri kama alivyomfundisha, naye akayapitisha maji kwenye bakuli la tatu.

Siku ya tisa Masu alikirudisha kifuniko mahali pake, akaviacha vimeoana.

"Mwiteni Tokuzo," alisema. "Na kasisi. Yule wa bei ndogo."

Walimzika Eikichi kwa ule ubao. Sanduku jeupe lilipopita langoni, Masu alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili akakipiga juu ya jiwe. Hakikuvunjika. Kiliruka, kikabiringika mpaka miguuni kwa Tokuzo, na watu wakatazama pembeni. Bibi alikifuata amechuchumaa, akakipiga mara ya pili, kikapata ufa. Mara ya tatu kikasambaratika, na kipande kimoja kikamchana kiganja.

"Alikichoma vizuri mno, mpumbavu yule," alisema, akafunga kiganja kwa leso.

Kifuniko kilibaki ndani, juu ya sinia. Hakuna aliyekumbuka. Baadaye Mineko alikiokota akakifanya bakuli la mwanasesere wake, na Fusae hakuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Akaolewa na Yasuji mwezi Oktoba, kwa samaki wawili na pombe iliyochanganywa maji. Kwa miezi mingi alikuwa bado anamwita shemeji, hata mahali ambapo neno hilo halifai kabisa, naye Yasuji akawa anaitika tu. Alikuwa mume mwema. Mabuli yalitoka tanurini, mengine yakauzwa. Masu alipunguza maneno, akabaki na mzaha wa hapa na pale, kama taa iliyoteremshwa utambi. Mwaka uliofuata, majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, Fusae alikuwa na mimba ya miezi sita, na watu walimwambia tumbo limekaa kiume.

Alasiri moja ya Novemba alikuwa jikoni akikata figili, Yasuji na Tokuzo wako tanurini wanapanga vyombo, Masu amelala upenuni juani. Mineko alikuwa langoni akimlisha mwanasesere mchanga. Fusae akamsikia anazungumza na mtu.

"Hicho umekipata wapi?" sauti ya mwanamume iliuliza. Ilikuwa imekwaruzika kama sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia.

"Ni bakuli la Ochobo," mtoto alisema. Ochobo ni huyo mwanasesere.

"Ni kifuniko. Kikombe chake kiko wapi?"

"Bibi alikivunja. Hapa hapa kwenye jiwe. Alikipiga mara tatu."

Fusae alitoka na kisu mkononi. Mtu alikuwa amechuchumaa langoni katika koti la jeshi lililong'olewa alama zote, miguu imefungwa matambara, na kifuniko kimelala kiganjani mwake. Alikuwa akikizungusha taratibu kwa kidole gumba, na kidole kile kilikuwa kimepinda.

Uso Fusae asingeutambua. Ulikuwa uso wa mtu mzee. Mtu huyo akainua macho, akamtazama, kisha akatazama tumbo, kisha akakitazama tena kifuniko kana kwamba kina maandishi.

Fusae alitaka kusema jina lake. Badala yake akakiweka kisu chini.

Nyuma yake mkeka ulikwaruza. Masu alikuwa ameamka. Alisimama ameshika nguzo, akamtazama yule mtu kwa muda mrefu, na uso wake ukafanya kitu ambacho Fusae hakuwahi kukiona, kisha ukaacha.

"Karibu," bibi alisema. "Karibu upite. Unaonekana umetoka mbali."

Mtu yule alisimama. Akainama, chini kabisa, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Fusae," Masu akasema. "Lete kikombe cha mgeni."

Fusae alidhani akili imemruka bibi. Akamvuta jikoni kwa mkono wa nguo. "Mama," alinong'ona, "hujamwona? Ni yeye. Ni Eikichi."

"Nimemzaa mimi. Unanifundisha mwanangu?" Masu alikuwa tayari amepanda juu ya kigoda, analifikia sanduku la mbao juu ya kabati. "Shika hapa, lisianguke."

Fusae akalishika. Akasema yote kwa pumzi moja, kwa kuwa asingeweza kuyabeba hata hatua moja zaidi: kwamba ni yeye aliyepoza maji zile siku tisa, bakuli tatu kila asubuhi, na kwamba kabla ya hapo miaka yote alikuwa anachemsha makusudi, na kwamba kifuniko hakikuwahi kusema chochote.

Masu alishuka kwenye kigoda. Akatoa kikombe cheupe, akakifuta kwa ncha ya aproni yake ya jikoni.

"Chai ile ya sinia nani alikuwa anainywa?" aliuliza.

Fusae akamtazama.

"Mimi. Kila siku, miaka minne. Ilikuwa inaniunguza ulimi. Siku ile ya kwanza ikaja baridi kama mkojo wa paka. Nina meno manne, mwanangu, lakini ulimi ninao wote."

"Mbona basi ulikivunja?"

"Mtoto alikuwa anataka mama yake. Tanuri lilikuwa linataka watu. Na mimi nilichoka kuchungulia kifuniko." Alikikagua kikombe kwenye mwanga, kwa mazoea. "Nikangoja siku tisa uone haya uchemshe. Hukuchemsha. Nikasema, basi, huyu anataka kuishi."

Kutoka ukumbini walisikia mtoto akimweleza mgeni kwamba Ochobo hapendi viazi.

"Sasa kuna wanaume wawili, na nafasi ya kukaa ni moja," Masu alisema. "Nimeshachagua mara moja. Usiniambie nichague tena. Tia ile chai nzuri, na uipoze sawasawa."

Fusae aliipoza sawasawa. Alileta kikombe, kifuniko juu, kisahani chini, akakiweka mbele ya mumewe kwa mikono miwili na kuinama.

Eikichi alikitazama kisahani. Alikuwa amekaa mahali pa mgeni, nyuma yake ukuta wenye picha, ambako hakuwahi kukaa maisha yake yote. Alikitazama mpaka Fusae akatamani apige kelele, avunje kitu, amvute nywele. Hakufanya hivyo. Alikishika kikombe kama kinavyoshikwa na watu wenye adabu, akafunua kifuniko, akakilaza chali pembeni, akanywa.

"Chai nzuri," alisema. "Maji yamepozwa sawasawa."

Alikirudisha kikombe juu ya kisahani.

"Nilikuwa na mwana wenu," alisema kisha. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anasoma karatasi ya ofisi. "Kwenye kambi za Warusi, tukikata miti. Niliahidi nikipona nitapita kuwaambia. Alikufa."

Masu alikunja mikono mapajani. "Lini?"

"Kama karatasi ilivyosema, bila shaka. Kuchelewa au kuwahi si kitu."

"Aliumia sana?"

"Baridi, mama. Baridi haina haraka."

Hilo neno mama likapita chumbani, na mtu yeyote angeweza kulisema kwa bibi yeyote.

Akauliza kama mabuli yanauzika. Masu akasema kidogo kidogo. Akauliza mdogo wa marehemu hali yake, na jicho. Masu akasema lile moja linatosha, linaona kazi. Akauliza mtoto anaitwa nani, na Mineko akajibu mwenyewe, akakaa vizuri na miguu imekunjwa.

"Jina zuri. Nani alikupa?"

"Bibi. Baba yangu alikuwa vitani."

"Na sasa yuko wapi baba yako?"

"Yuko tanurini," alisema Mineko. "Utamngoja?"

Eikichi akasema hapana, ana treni. Akamrudishia kifuniko chekundu, ambacho muda wote kilikuwa mkononi mwake, na mtoto akakipokea akakikagua kama kimerudi kizima. Kisha akakifunika kikombe cha mgeni, kama afanyavyo mgeni aliyemaliza, akasimama. Fusae alimfunga viazi vitano katika kitambaa. Vidole vyao havikugusana. Wote wawili walihakikisha. Masu alimsindikiza mpaka langoni na wala si hatua zaidi, akasimama juu ya lile jiwe, mpaka koti likapotea kwenye mteremko kati ya kuta za mitungi iliyopinda.

Fusae alirudi kuondoa vyombo. Kikombe kilikuwa kimejaa vilevile, kimepungua funda moja tu. Alikifunua. Chai ile aliipoza mwenyewe, bakuli tatu, lakini chumba kilikuwa na baridi, na ndani ya kifuniko cheupe palikuwa na matone, yamejipanga mviringo mzima. Alikishikilia hivyo mpaka yakaanza kukimbia na kumlowesha kiganja.

Yasuji aliingia jioni, amejaa majivu, akaona sanduku la vikombe vya wageni liko chini.

"Nani alikuja?"

"Rafiki wa kaka yako," Masu alisema. "Kaleta habari za kifo chake. Habari zenyewe tulikuwa nazo."

Yasuji alinawa mikono kwa muda mrefu. Hakuuliza mgeni alikuwa na sura gani. Kutoka pale juu tanurini njia yote ya mteremko inaonekana, hata kwa jicho moja.

Asubuhi yake Fusae aliamka akakuta sinia dogo la miguu limefutwa vumbi na kutandikwa mahali pake pa zamani. Juu yake kulikuwa na kikombe cha mgeni, cheupe, bila kisahani. Masu alikuwa ameshakaa, macho yamevimba, mikono kwenye mikunjo ya nguo.

"Chemsha," alisema. "Yachemke kabisa, usinionee huruma."

Fusae alichemsha. Akamimina, akafunika, wakakaa wote wanne na njaa zao. Bibi akafunua, akakipeleka kifuniko dirishani, akakitazama muda mrefu kuliko siku yoyote ya ile miaka minne. Maji yalikuwa yanadondoka mpaka kwenye mkono wa nguo yake. Hakusema kwamba kinatoka jasho. Aliivuta chai akaanza kuinywa ikiwa inaunguza vile vile, na baada ya funda la pili akasema, "Haya, kuleni."

Tangu siku hiyo, wageni watano wakija kwa pamoja katika nyumba ile, Fusae huomba radhi, akasema kikombe kimoja kilivunjika.